Kizibao, Upepo na Kifua: Maelezo kwa Wanaofanya Kazi Nje

Mwezi wa Julai, kabla jua halijachomoza, upepo wa kusi huvuka mkondo wa bahari unaotenganisha Kurasini na Kigamboni na kuwakuta madereva wa bodaboda wakiwa vijiweni, karibu na maingilio ya Daraja la Nyerere. Kipimajoto wakati huo husoma nyuzijoto 19 au 20 hivi. Kwa mgeni aliyetoka Ulaya hiyo ni hali ya kuvaa shati jepesi. Kwa dereva atakayelivuka daraja mara kadhaa kabla ya saa tatu asubuhi, fulana yake ikiwa imelowa jasho la safari iliyotangulia, ni baridi ya kweli. Ndiyo maana wengi huvaa kizibao kinene kilichojazwa nyuzi za polista, au hulivaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani. Wakiulizwa sababu, wengi hutoa jibu moja: kukinga kifua kisipate nimonia.

Saa saba mchana kizibao kilekile bado kimo mwilini. Jua liko utosini, foleni ya malori katika Barabara ya Mandela haisogei, injini ya pikipiki inafuka joto katikati ya miguu ya dereva, na zipu imefungwa hadi kooni. Makala haya yanaeleza kizibao hicho hufanya nini katika mwili, hukinga nini na hakikingi nini. Jambo lenyewe si dogo. Vazi hilo linaweza kuchangia maradhi ya joto ambayo watu wa pwani huyachukulia kuwa uchovu wa kawaida, na linaweza pia kumpa mvaaji imani ya bure kuhusu kifua chake, akakaa na kikohozi miezi miwili pasipo kwenda kupimwa.

Kizibao ni neno la zamani katika pwani. Ni vazi la juu lisilo na mikono ambalo wanaume walilivaa juu ya kanzu, aghalabu likiwa limetariziwa. Kinachozungumzwa hapa ni ndugu yake wa kisasa: vitambaa viwili vyembamba vya nailoni, katikati yake ujazo wa nyuzi za polista au manyoya laini ya bata bukini, vyote vimeshonwa kwa mistari ili ujazo usikusanyike chini. Viliundwa kwa ajili ya wapanda milima, wakimbiaji na wavuvi wa nchi za baridi, watu wanaojongea na kutoka jasho huku hewa inayowazunguka ikikaribia kuganda. Kwa njia ya mitumba vimefika Tandika na masoko mengine ya jiji. Visichanganywe na vile vizibao vya rangi kali vyenye mistari ya kuakisi mwanga vinavyovaliwa na wafanyakazi wa bandari. Hivyo kazi yake ni kumfanya mtu aonekane, navyo havina ujazo wowote.

Vazi halitengenezi joto. Kinachozuia joto lisitoke mwilini ni hewa iliyotulia, na ujazo wa kizibao upo ili kuishika hewa hiyo isizunguke. Aliyewahi kulalia mto wa sufi analifahamu jambo hili bila kufundishwa: mto uliokandamizwa kwa miaka huwa bapa na baridi, lakini ukianikwa juani hufura na kuwa na joto tena. Sufi ni ileile, kilichorudi ni hewa. Maji yakiingia mahali pa hewa mambo hugeuka, kwa kuwa maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa. Kizibao kilicholowa jasho au mvua hakikingi baridi tena, bali humnyonya mvaaji joto lake.

Historia ya vazi hili ilianza kwa kosa la namna hiyo. Katika miaka ya 1930 Eddie Bauer, mfanyabiashara wa zana za michezo wa Seattle, Marekani, alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi kali akiwa amevaa sufu nzito. Alipokuwa akipanda mlima na mzigo wake wa samaki alitoka jasho jingi, nguo zikalowa, kisha zikaanza kuganda mwilini, akanusurika kifo. Aliporudi alishona koti jepesi la manyoya ya ndege lenye vyumba vya mishono, akapata hataza yake mwaka 1940. Vizibao vya Tandika ni wajukuu wa koti hilo.

Kukosa mikono nako kuna sababu. Kifua na tumbo ndimo ulimo moyo, ini na viungo vingine ambavyo mwili haukubali vipoe. Sehemu hiyo ikiwa na joto, mwili huiachia damu iende mikononi, na vidole hubaki vyepesi kushika kamba, usukani au breki. Wakati huohuo mikono na makwapa yaliyo wazi hutoa joto la ziada. Kwa mtu anayetembea mlimani hilo ni wazo zuri sana.

Kurasini si mlimani. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ya kizamani. Mpakiaji anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kwenye yadi ya makontena anaweza kufikisha wati 400 au zaidi, maana misuli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu yake kuwa kazi, karibu robo, na nyingine zote huwa joto. Joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa na ubaridi, hulichukua lenyewe kutoka kwenye ngozi. Hewa ikikaribia nyuzijoto 34, ambazo ni kama joto la ngozi yenyewe, hubaki njia moja tu: jasho kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Lakini jasho linalodondoka chini, au linalonywewa na bitana ya kizibao, halijampoza mtu. Na katika unyevu wa Dar es Salaam wa Februari na Machi, wakati kaskazi inapolegea na masika bado hayajafika, hata jasho lililo wazi hukauka kwa shida.

Wahudumu wa afya wanaifahamu kanuni ya tisa inayotumika kukadiria eneo la majeraha ya moto: kifua na tumbo asilimia 18, mgongo asilimia 18. Kizibao kilichofungwa hufunika takribani sehemu hiyo yote, yaani zaidi ya theluthi moja ya ngozi, na hasa mgongo na kifua vinavyotoa jasho jingi. Kumvika mpakiaji kizibao cha pamba mchana ni sawa na kuziba theluthi ya madirisha ya chumba chenye jiko linalowaka.

Dalili za mwanzo ni za kawaida kiasi kwamba hupuuzwa: kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu, mkojo kuwa mchache na wa rangi ya chai. Hapo mtu anahitaji kivuli, maji na kupumzika, na kizibao kivuliwe. Akianza kuongea ovyo, kupepesuka kama mlevi au kuzimia, hali imekuwa nyingine: joto la ndani ya mwili huenda limepita nyuzijoto 40, na ubongo, ini na figo vimo hatarini. Asisubiriwe akauke jasho, kwani si kweli kwamba ngozi huwa kavu daima. Aliyezidiwa na joto akiwa kazini mara nyingi bado amelowa. Avuliwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma wakati usafiri unatafutwa, na asinyweshwe kitu ikiwa hana fahamu. Dawa ya paracetamol haishushi joto la namna hii, kwa sababu halikutokana na homa. Aliye katika hatari kubwa kuliko wote ni mgeni wa kazi, kwani mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Hatari huongezeka pia kwa mnywaji wa pombe na kwa anayetumia baadhi ya dawa za mzio, za magonjwa ya akili au za kuongeza mkojo.

Dereva wa bodaboda ana hali ya pekee. Akiwa mwendoni misuli yake haifanyi kazi kubwa na upepo ni mkali, kwa hiyo kizibao humfaa. Akisimama, upepo hukata na joto lote hubaki ndani. Anaweza kupitia hali hizo mbili mara 30 kwa siku, na zipu ndiyo inayopaswa kufanya kazi: ifungwe akiondoka, ifunguliwe akifika. Hata hivyo, kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam anachohitaji si unene. Upepo humpoza kwa kuifukuza ile hewa tulivu iliyo jirani na ngozi, na ili kuuzuia inatosha kitambaa chembamba kisichopitisha upepo, kisicho na ujazo. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France walizoea kutia gazeti kifuani chini ya fulana kabla ya kushuka milima. Gazeti halina pamba, na bado liliwatosha. Ile hesabu ya Kanada na Marekani, inayotumika tangu 2001 kueleza jinsi upepo unavyozidisha baridi, hutumika tu hewa ikiwa nyuzijoto 10 au chini yake. Jiji la Dar es Salaam halifiki huko.

Sasa swali lenyewe: je, upepo wa kifuani huleta nimonia?

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Huletwa na bakteria, hasa wale waitwao nyumokoka, na virusi vya aina nyingi, na pengine fangasi. Mtu huvipata kutoka kwa watu wengine, au vikiwa tayari kooni mwake huteremka mapafuni kinga inapolegea. Upepo wenyewe hauna kijidudu cha kumpa. Wanaougua zaidi ni watoto wadogo, wazee, wavutaji wa sigara, walevi, wenye VVU wasiotumia dawa, wenye kisukari na wanaoishi katika moshi wa kuni na mkaa. Nchini Tanzania watoto wachanga wamekuwa wakipewa chanjo ya nyumokoka tangu 2013, na chanjo hiyo imewakinga kwa namna ambayo hakuna nguo inayoweza kuwakinga.

Hata hivyo si haki kumcheka dereva. Watafiti wameliuliza swali lake kwa uzito wote na hawakupata jibu moja. Mwaka 1968 jopo moja la Marekani liliwaweka watu katika baridi na kuwapa virusi vya mafua, na halikuona kwamba baridi iliwazidishia ugonjwa. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Wales, waliwachukua watu 180. Nusu walitumbukiza miguu katika maji baridi kwa dakika 20, nusu wengine hawakutumbukiza. Katika siku chache zilizofuata, watu 13 wa kundi la kwanza walieleza kuwa na dalili za mafua, dhidi ya watano wa kundi la pili. Hakuna aliyepimwa virusi, na yaliyohesabiwa ni mafua ya pua na koo, si nimonia. Inawezekana basi kwamba kupoa ghafla huamsha kirusi kilichokuwa kimejificha puani. Isitoshe, hewa baridi inayoingia kwa kasi hubana njia za hewa za mwenye pumu, naye atakohoa na kusikia kifua kimeziba. Lakini hewa hiyo huingia kwa pua na mdomo, wala haipiti katika ngozi ya kifua. Mwenye pumu atasaidiwa zaidi na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na dawa yake ya kuvuta, kuliko kizibao cha unene wowote.

Katika vumbi la Kurasini kuna sababu nyingine za kikohozi zisizozuiliwa na pamba: moshi wa dizeli wa malori yanayosubiri bandarini, saruji, mbolea, na sigara za kuondoa usingizi. Na kuna kifua kikuu. Robert Koch alikitangaza kijidudu chake mjini Berlin mwaka 1882, na mpaka leo Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Wanaume huugua zaidi ya wanawake, nao ndio wanaochelewa kufika kituoni. Hapa imani ya upepo huwa na gharama. Dereva anayeamini kwamba kikohozi chake kilitokana na asubuhi moja aliyosahau jaketi huona tiba yake ni jaketi. Hulivaa mchana na usiku, hunywa dawa ya maji ya dukani, na jasho linalomtoka usiku hulihesabu kuwa la jaketi. Wiki huwa miezi, na katika miezi hiyo huwakoholea wenzake wa kijiweni, abiria wake, na watoto anaolala nao chumba kimoja.

Kwa mhudumu wa afya, kizibao ni habari. Mtu aliyeingia chumba cha daktari saa nane mchana, nyuzijoto 31, zipu ikiwa kooni, amekwisha kueleza jambo kabla hajafungua kinywa. Huenda anatetemeka kwa sababu homa inapanda, na hapo kipimo cha haraka cha malaria kisisubiri. Huenda amekonda na anaficha mbavu. Huenda ni desturi tu. Kumkemea ni kumpoteza. Yafaa zaidi kusema, «Kaka, naomba uvue kizibao nikusikilize kifua,» kisha kuuliza kwa utaratibu: kikohozi kina muda gani, je, usiku unatoka jasho hata ukilala bila jaketi, suruali hii ilikuwa ikikukaa vipi mwezi uliopita? Swali la suruali hujibiwa kwa ukweli kuliko swali la uzito, kwa kuwa si kila mtu ana mizani lakini kila mtu anaijua tundu ya mkanda wake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinadai makohozi yapimwe. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha muda wowote kinatosha. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na tiba ya kawaida ni ya miezi sita.

Pia kifua kisisikilizwe juu ya nguo. Msuguano wa nailoni masikioni mwa msikilizaji hufanana mno na milio ya mapafu yenye maji. Kipimajoto cha kwapani kilichowekwa katika kwapa lililolowa husoma chini ya ukweli, kwa hiyo kwapa likaushwe kwanza. Na kwa mtu anayeshukiwa kuzidiwa na joto, kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa.

Kuna wanaokihitaji kizibao kwa haki. Wagonjwa wa selimundu hushauriwa kuepuka kupoa ghafla, kwa kuwa baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Lakini ukosefu wa maji mwilini nao huyaamsha, na kwao kizibao cha alfajiri ni rafiki na cha adhuhuri ni adui. Wanaoingia na kutoka katika vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na nyama wanakihitaji kila wanapoingia, mradi wakivue wakitoka. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanakihitaji kambini kuliko njiani, mizigo ikishawekwa chini na jasho likianza kupoa.

Na kuna madereva wa malori. Gari linaloondoka Kurasini kuelekea Tunduma hupanda kutoka usawa wa bahari hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu. Kwa kawaida hewa hupoteza nyuzijoto sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo dereva aliyepakia akiwa kifua wazi hujikuta usiku wa Juni au Julai katika baridi ya nyanda za juu, injini imezimwa na mwili umetulia. Huko kizibao hufanya kazi iliyokusudiwa. Kwa safari hiyo kifaacho ni cha polista, kwa kuwa manyoya ya ndege yakilowa hujikunja na kupoteza hewa karibu yote, na kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kikaushwe vizuri na kukung'utwa, kisifungwe kikiwa kibichi chini ya kiti. Fulana ya ndani ibadilishwe kabla ya kukivaa, maana fulana iliyolowa Kurasini bado itakuwa mbichi Mafinga.

Dereva huyo asiingize jiko la mkaa katika kibanda cha gari ili apate joto, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumuua mtu akiwa usingizini. Blanketi na kizibao kikavu vinamtosha mpaka asubuhi, na dirisha liachwe wazi kidogo.